Kabla Hujamwaga Maji: Mwongozo wa Vinavyochanganyika na Visivyochanganyika

Muuza mafenesi anayeijua kazi yake hapasui fenesi kwa kisu kikavu. Kwanza humimina mafuta ya kupikia kiganjani, akajipaka mikono yote miwili, akapaka na makali ya kisu, ndipo aanze kukata. Asiyejua hukata kwanza. Vidole vikishashikana kwa ulimbo hukimbilia bombani, na hapo ndipo kazi inapoanza: maji yanateleza juu ya ulimbo bila kuugusa, sabuni nayo inapita tu, na akisugua kwa mchanga atachubuka ngozi huku ulimbo umebaki palepale. Dawa yake ni ileile aliyoitumia muuzaji. Paka kijiko cha mafuta, sugua taratibu mpaka ulimbo ulegee, futa kwa kitambaa kikavu, halafu ndipo unawe kwa sabuni na maji.

Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kujua mapema, kabla hujafungua bomba, kama maji yatakusaidia au yatakuongezea kazi. Utaufaa mkono wenye ulimbo, shati lenye wino, sufuria ya mchuzi wa nazi, bomba la dawa shambani, na siku mbaya ambayo kikaango kitashika moto. Swali la kujiuliza kila mara ni moja: kitu hiki ni cha upande wa maji, au cha upande wa mafuta?

Maji yana ncha

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Atomu hizo zinatumia elektroni kwa pamoja, ila mgawo si wa haki. Mwaka 1932 mwanakemia Mmarekani Linus Pauling aliweka kipimo cha nguvu ambayo kila atomu inavutia nayo elektroni upande wake. Katika kipimo hicho, kama kinavyotumika leo, oksijeni ina 3.44 na haidrojeni 2.20. Kwa hiyo elektroni hukaa zaidi kwa oksijeni. Upande huo unapata chaji hasi kidogo, na kule kwenye haidrojeni kunabaki chaji chanya kidogo. Umbo nalo linachangia. Molekuli ya maji haikunyooka, imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, hivyo chaji hizo haziwezi kufutana. Unapata kitu chenye ncha mbili, moja hasi na moja chanya. Wanakemia huiita molekuli ya polari.

Usidharau huko kupinda. Hewa ya ukaa ina oksijeni mbili zinazovuta elektroni kwa nguvu, lakini zimekaa kushoto na kulia kwa kaboni kwenye mstari mmoja, kwa hiyo mivuto miwili inafutana na molekuli nzima inabaki bila ncha. Ndiyo maana lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, ikiachwa chini ya hewa hiyo bila kushindiliwa, huchukua takriban gramu 1.5 tu. Kiwanda cha soda hulazimika kuiingiza kwa shinikizo, nawe ukifungua kizibo inatoka mbio.

Ncha za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya jirani yake. Kinachotaka kuingia katikati lazima kiwe na kitu cha kushikwa. Chumvi ya mezani ina chaji kamili: sodiamu ni chanya, kloridi ni hasi, na maji huzingira kila moja kwa ncha inayostahili. Takriban gramu 36 za chumvi huyeyuka katika mililita 100 za maji. Sukari haina chaji kamili, lakini molekuli yake imejaa vifundo vya oksijeni na haidrojeni vinavyofanana na vya maji yenyewe, na maji huipokea kwa ukarimu: karibu gramu 200 kwa mililita 100 zilezile. Sasa angalia mafuta. Sehemu kubwa ya molekuli yake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Kaboni ina 2.55 katika kipimo cha Pauling, tofauti ndogo mno na 2.20 ya haidrojeni. Hakuna ncha ya maana, kwa hiyo hakuna pa kushika.

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba maji na mafuta yanachukiana. Lugha hiyo inapotosha. Molekuli za maji na za mafuta huvutana kidogo zikikaribiana; kinachotokea ni kwamba maji yanavutana yenyewe kwa nguvu kubwa zaidi, na kila tone la mafuta linaloingizwa katikati hulazimisha molekuli za maji zinazolizunguka zijipange upya na kupoteza uhuru wa kugeukageuka. Njia rahisi kwa maji ni kuyasukuma mafuta yote mahali pamoja. Kwa kuwa mafuta ya kupikia ni mepesi, takriban gramu 0.92 kwa mililita moja, mahali hapo huwa ni juu.

Na tahadhari moja kabla hatujaingia kazini. Kuwa na chaji si hati ya kuyeyuka. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalisi, kitu chenye chaji chanya na hasi kama chumvi. Lakini chaji hizo zimeshikana kwa nguvu ambayo maji hayaiwezi. Ingekuwa vinginevyo, masika moja yangetosha kuumaliza mji.

Jaribio la glasi tatu

Ukiwa na kitu usichojua ni cha upande gani, chukua glasi tatu ndogo zinazopenya mwanga. Ya kwanza tia maji, ya pili spiriti ya hospitali, ya tatu mafuta ya kupikia. Tia kipande kidogo cha kitu hicho katika kila moja, koroga, subiri kama dakika kumi, kisha inua kila glasi uitazame mbele ya dirisha.

Jaribu kwa bizari ya manjano uone. Kwenye maji unga unaelea, mwingine unazama, maji yanakuwa na ukungu wa njano, na ukiyaacha unga unatuama chini. Kwenye spiriti rangi inatoka papo hapo, ya njano iliyokolea inayoelekea chungwa, na ukiinua glasi unaona upande wa pili. Kwenye mafuta rangi inakuja polepole, lakini inakuja. Hukumu: rangi ya bizari si ya upande wa maji. Ukiweka jibu hilo moyoni umeshajua kwa nini shati la pilau linasumbua.

Jambo la kuangalia hapo ni uangavu. Kilichoyeyuka kweli huacha kimiminika ang'avu, hata kama kina rangi. Kilichotawanyika tu huacha ukungu au weupe, na mapema au baadaye kitajitenga. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na hasara yake utaiona tukifika shambani.

Kwa nini spiriti iwe katikati? Ethanoli ina kaboni mbili tu zenye haidrojeni zake, na mwishoni ina kifundo cha oksijeni na haidrojeni kama cha maji. Upande mmoja inaelewana na mafuta, upande wa pili inashikana na maji kwa kiasi chochote unachotaka. Tena inashikana nayo barabara: ukipima mililita 50 za ethanoli safi na 50 za maji ukachanganya, hupati 100 bali karibu 96 au 97, maana molekuli zimesogeleana.

Mkia ukirefuka, upande wa mafuta unashinda. Butanoli, yenye kaboni 4, huingia kwenye maji takriban gramu 7 au 8 tu kwa mililita 100. Heksanoli, yenye kaboni 6, haifiki hata gramu 1. Kanuni ya haraka ninayoipenda ni hii: kifundo kimoja cha oksijeni na haidrojeni kinaweza kubeba kaboni tatu hivi na kuziingiza majini bila tabu, zikizidi hapo, kinaanza kuelemewa. Si kanuni kamili, lakini inakupa jibu la kwanza unaposoma jina la kitu kwenye lebo.

Madoa, moja baada ya jingine

Hapa ndipo elimu hii inalipa kila wiki, kwa hiyo tukae kidogo.

Doa la mafuta, liwe la mawese, samli, sambusa au girisi ya baiskeli, usiliwahi kwa maji. Maji yakishalowesha uzi, sabuni yako itakuwa na kazi mbili. Tandaza kwanza unga wa ngano au poda ya mtoto, acha inyonye kwa robo saa, pangusa. Kisha tia sabuni ya maji ya vyombo moja kwa moja kwenye doa likiwa bado kavu, sugua kwa vidole, acha ikae, ndipo ulete maji, ya uvuguvugu kama kitambaa kinaruhusu. Usianike wala kupiga pasi mpaka uhakikishe doa limetoka. Mafuta ya kula yakikaa kwenye joto na hewa huungana yenyewe kwa yenyewe na kuwa gamba gumu, lilelile la kahawia linalong'ang'ania nje ya kikaango cha zamani, na likifika hapo si mafuta tena kwa maana ya kuyeyushwa.

Lami na ulimbo ni za upande wa mafuta bila shaka yoyote. Tumia mafuta ya kupikia, hata siagi, kuzilegeza. Kisha uondoe mafuta hayo kwa njia ya aya iliyotangulia. Bigijii iliyokanyagwa kwenye zulia au kukaliwa kwenye suruali igandishe kwanza kwa barafu, ibandue kwa kijiko, na mabaki yake uyashughulikie kwa mafuta.

Wino wa kalamu ya kawaida ya kuandikia hucheka maji lakini husalimu amri kwa spiriti. Weka kitambaa cheupe chini ya doa, dondoshea spiriti juu, gandamiza kwa pamba, sogeza kitambaa cha chini mara kwa mara ili wino uwe na mahali papya pa kwenda. Ukisugua ovyo utautandaza. Rangi ya kucha inatoka kwa asetoni, ambayo nayo inaelewana na pande zote mbili. Lakini jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, kwa sababu asetoni huyeyusha vitambaa vya asetati na plastiki nyingi. Nimeona kitufe cha shati kikigeuka uji.

Bizari ya manjano ina vituko vyake. Rangi yake, kurkumini, ikikutana na sabuni kali hubadilika kuwa nyekundu kama damu, na wengi hapo hushtuka wakidhani wameharibu nguo. Hujaharibu, ni rangi ileile imeitikia magadi yaliyomo kwenye sabuni. Suuza, litie doa spiriti kama kitambaa kinavumilia, halafu anika juani. Kurkumini haistahimili jua, na jua la saa sita la Dodoma au Garissa litafanya kazi ambayo ndoo tano za maji hazikuweza.

Chai, soda, juisi na jasho ni za upande wa maji. Wahi tu, kabla hazijakauka. Damu nayo ni ya maji, ila yawe ya baridi. Maji ya moto huigandisha protini yake ndani ya uzi, kama ute wa yai sufuriani.

Kuna doa ambalo sitakudanganya nalo: utomvu wa mgomba. Ukiwa mbichi hauna rangi na maji yanauondoa. Ukishakaa na hewa hugeuka kahawia na kujifunga na pamba kwa kemia, si kwa kulowana tu. Hapo habari ya ncha imekwisha. Nguo hiyo ifanye ya shamba.

Neno kuhusu petroli. Ni kweli huondoa girisi, maana ni ya upande wa mafuta mtupu. Lakini mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, sembuse jikoni kwako. Usifulie kwa petroli.

Sabuni, maji ya kisima na maji ya bahari

Sabuni hutengenezwa kwa kuchemsha mafuta na kostiki soda. Molekuli yake ina mkia mrefu wa kaboni, wa upande wa mafuta, na kichwa chenye chaji, cha upande wa maji. Mikia hujichomeka ndani ya tone la mafuta, vichwa vinabaki nje majini, na tone lote linaelea likiwa limezungukwa. Mafuta hayakuyeyuka, yamebebwa. Ndiyo maana suuza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: usiposuuza, mzigo unarudi kwenye nguo.

Sehemu kubwa ya tunayojua kuhusu tabia hiyo juu ya uso wa maji ilianzia jikoni. Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862 na kuishi Braunschweig, Ujerumani, hakuweza kusoma chuo kikuu kwa sababu wakati huo wanawake hawakupokelewa. Akiwa nyumbani akiwauguza wazazi na kuosha vyombo, alitazama jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wa maji, akajitengenezea chombo cha bati cha kupimia. Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, naye akaipeleka kwenye jarida la Nature, likaichapisha. Chombo cha Pockels ndicho baba wa kile alichokitumia baadaye Irving Langmuir, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Mwaka huohuo Pockels alipewa shahada ya heshima, akiwa na miaka 70.

Turudi kwenye beseni. Kama umehamia mtaa wenye kisima ukaona sabuni ya mche haitoi povu na maji yanajaa utando mweupe, kosa si la sabuni. Maji hayo yana kalisi na magnesi, ambazo hushika vichwa vya sabuni na kuvigeuza kitu kisichoyeyuka. Unaweza kuongeza sabuni mpaka kalisi yote iishe, hilo ni kutupa pesa. Afadhali tumia sabuni ya unga, ambayo vichwa vyake ni vya namna nyingine visivyotekwa kirahisi na kalisi, au tia magadi kidogo kwenye maji kwanza, uyaache yatulie. Magadi huikamata kalisi na kuishusha chini. Yatumie ya kufulia kwa kufulia, tafadhali: baadhi ya magadi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na kuyatia kwenye maharage kila siku huharibu meno ya watoto.

Kwa wavuvi na mabaharia, sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, mahali ambapo sabuni nyingine nyingi hushindwa. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ina mkia mfupi wa kaboni 12, na sabuni yenye mkia mfupi haitolewi majini na chumvi kwa urahisi. Mabaharia wa zamani waliitafuta kwa sababu hiyo.

Ndani ya sufuria

Tui la nazi ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa vitone vidogo mno, yakiwa yamevikwa protini za nazi zinazofanya kazi ya sabuni. Weupe wake ndio ushahidi: vitone vinatawanya mwanga. Protini hizo zikipata joto kali hukunjamana na kuliachia tone, matone yanaungana, na unaona mafuta juu na maji chini. Tui limekatika. Ndiyo maana mpishi wa Pwani hutia kwanza tui jepesi, akaacha kasimele hadi mwisho, akapunguza moto na kuendelea kukoroga bila kufunika. Ndimu pia hulikata, kwa hiyo ndimu ije baada ya kuepua. Anayepika mafuta ya nazi hufanya kinyume cha hayo yote kwa makusudi: anachemsha tui mpaka likatike, maji yaishe, abaki na mafuta.

Pilipili ikikuwakia mdomoni, maji yatausambaza ukali tu, kwa maana kapsaisini ni ya upande wa mafuta. Kunywa maziwa au mtindi. Mchicha na karoti vina karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Nayo ni ya upande wa mafuta, hivyo kuvipika kwa tui, karanga au mafuta kidogo si anasa bali ni njia ya kuipata.

Umewahi kutia Dettol kwenye ndoo ukaona maji yanageuka meupe? Ndani ya chupa ni ya kahawia na inaonyesha upande wa pili, kwa kuwa mafuta ya msonobari na dawa yake ya kuua vijidudu vimeshikiliwa na alkoholi na sabuni. Maji yakiwa mengi, alkoholi inazidiwa, na mafuta yanatoka kwa vitone vidogo. Hakuna kilichoharibika.

Shambani

Angalia herufi kwenye lebo ya dawa ya kunyunyizia. EC maana yake dawa yenyewe haiyeyuki majini. Imeyeyushwa kwenye kimiminika cha jamii ya mafuta na kuwekewa kitu cha kuitawanya. Ukiitia kwenye maji inageuka nyeupe kama tui, na kama tui itajitenga. Jaza maji nusu ya bomba, tia dawa uliyoipima, tikisa, malizia maji, tikisa tena. Kila unaposimama kupumzika, tikisa kabla ya kuendelea. Mchanganyiko uliolala usiku kucha usiutumie: sehemu moja ya shamba itapata maji matupu, na nyingine itapata dozi ya kuunguza majani.

Usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha. Changanya kwanza kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, kwa uwiano uleule wa lebo, uiache nusu saa. Ukiona mafuta yamepanda, mabonge yametuama au mchanganyiko umekuwa mtindi, dawa hizo hazipatani.

Na kumbuka kwamba kinachosaidia dawa hiyo kupenya jani ndicho kinachoisaidia kupenya ngozi yako, ambayo nayo ina tabaka la mafuta. Vaa glavu za mpira. Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa mara moja na uoshe kwa sabuni na maji mengi. Maji peke yake, kama kwa ulimbo, hayatoshi.

Mafuta yakishika moto

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloua. Mafuta yanayowaka kwenye kikaango yana joto la zaidi ya nyuzi 300. Maji huchemka kwa nyuzi 100, hayachanganyiki na mafuta, na ni mazito kuliko mafuta. Ukiyamwaga, yanazama hadi chini na kuchemka hapohapo. Lita moja ya maji inakuwa takriban lita 1,700 za mvuke kwa kufumba na kufumbua. Mvuke huo unayarusha juu mafuta yanayowaka, na moto uliokuwa wa kikaango unakuwa wa dari, mapazia na uso wako.

Kwa hiyo: zima gesi au jiko kama unaweza kulifikia bila kuungua. Funika kikaango kwa mfuniko wa chuma au sinia, ukiusukuma kutokea upande wako kwenda mbele ili ukukinge. Usikibebe kikaango kukitoa nje. Moto ukishakuzidi, toa watu wote, funga mlango na uite msaada. Ukifanikiwa kuufunika, usichungulie. Acha mfuniko mahali pake mpaka kikaango kipoe kabisa. Wafundishe hayo watoto wa nyumbani na dada wa kazi leo, maana ndio mara nyingi huwa jikoni peke yao.